Dawa ya Kutuliza Moyo: Aliyeizoea Asiiache, Asiyeizoea Asianze Siku ya Kupasuliwa



Juma hili tunaleta habari ya dawa ndogo ambayo baadhi yetu tunayo nyumbani, katika kikapu au chini ya mto, na hatujui nguvu yake. Ni dawa ya kutuliza moyo. Waganga huiita betabloka. Mwenye tansiyo hupewa, mwenye moyo uliochoka baada ya kuzaa hupewa, mwenye rovu linalomfanya atetemeke hupewa, na wengine hupewa kwa kichwa kinachouma upande mmoja mara kwa mara.

Tumeichagua habari hii kwa sababu kila mwaka kuna wamama na wababa wa hapa Buleusa wanaotumwa hopitali ya mbali kupasuliwa: mtoto amekwama tumboni, ngiri imekaza, uvimbe umekua. Safari ni ndefu, mgonjwa yuko juu ya moto au katika kipoyi, na mawazo yote yako kwenye kisu na franga za kulipa. Kidonge cha kila siku kinasahauliwa nyumbani. Hapo ndipo hatari inapoanza, na watu wengi hawaijui.

Dawa hii ni ipi?

Utaitambua kwa jina lake. Soma boksi au karatasi ya vidonge: majina ya jamaa hii yote yanaishia kwa herufi tatu, l, o na l. Sisi tukisema huongeza i mwishoni: propranololi, atenololi, bisoprololi, metoprololi, karvedilololi hapana, ni karvediloli, na labetaloli. Kama mama hajui kusoma, amwombe mtoto wa shule amsomee mwisho wa jina. Si kila dawa ya tansiyo ni ya jamaa hii, na ndiyo maana jina ni la lazima. Kusema tu "kidonge cheupe kidogo" hakumsaidii munganga.

Ya kwanza iliyoenea duniani ni propranololi, katika miaka ya 1960. Aliyeitafuta ni James Black, mtu wa Scotland, aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 1988. Yeye hakuwa anatafuta dawa ya wanaopasuliwa. Alitaka kuwasaidia watu ambao kifua kinawabana kwa sababu moyo haupati damu ya kutosha.

Inafanya kazi gani?

Mtu akiogopa, akiumia au akipoteza damu, mwili wake unamwaga homoni inayoitwa adrenalini. Ni ile inayokuwezesha kukimbia na mtoto mgongoni bila kusikia uchovu. Moyo unapiga haraka na kwa nguvu. Kupasuliwa ni jeraha, hata kama mgonjwa amelala hasikii. Kwa hiyo adrenalini humwagika siku ya upasuaji, na siku zinazofuata pia, wakati wa maumivu.

Moyo nao ni msuli, unahitaji kulishwa. Unapata damu yake hasa wakati unapolegea, kati ya pigo na pigo. Ukipiga haraka sana, muda wa kulegea unakuwa mfupi, na moyo unafanya kazi nyingi huku unakula kidogo. Mtu mwenye moyo mzima atavumilia. Mwenye moyo mgonjwa anaweza kuvunjika hapo.

Betabloka inaziba masikio ya moyo ili usisikie sana kelele ya adrenalini. Moyo unapiga polepole, unapumzika, unakula. Kwa hiyo waganga wengi walisema: basi kila mgonjwa wa hatari apewe dawa hii kabla ya kupasuliwa, tutaokoa watu.

Wazo zuri lililoleta vifo

Mwaka 1999 uchunguzi mmoja ulioongozwa kutoka Rotterdam, Uholanzi, ulionyesha matokeo ya kushangaza. Walikuwa wagonjwa 112 tu, wote wa hatari kubwa, waliopasuliwa mishipa mikubwa ya damu. Waliopewa bisoprololi walikufa wachache sana kuliko wenzao. Habari zikaenea, na waganga wa nchi nyingi wakaanza kufuata.

Lakini watu 112 ni wachache. Kundi lingine lililoongozwa kutoka Canada likafanya uchunguzi mkubwa zaidi, ulioitwa POISE, na kuutangaza mwaka 2008. Wagonjwa walikuwa 8,351, katika hospitali 190 za nchi 23. Nusu walianzishiwa metoprololi nyingi saa 2 hadi 4 kabla ya kupasuliwa. Nusu nyingine walipewa kidonge kisicho na dawa ndani.

Matokeo yalikuwa na pande mbili. Katika kila wagonjwa 1,000, dawa iliwakinga 15 wasipate shambulio la moyo. Lakini katika hao hao 1,000, wengine 8 zaidi walikufa, na 5 zaidi walipata kiharusi. Moyo ulilindwa, mtu mwenyewe akapotea.

Kwa nini? Kwa sababu adrenalini haikuwekwa mwilini bure. Mtu akipoteza damu, au akipata maambukizo makali baada ya kupasuliwa, moyo unatakiwa kukimbia ili ubongo na figo zisikose damu. Ukiwa umeuziba masikio kwa dawa nyingi ya ghafla, moyo hausikii mwito. Tansiyo inaanguka, na ubongo unakosa damu.

Mwezi wa Novemba 2011 hospitali ya chuo kikuu cha Erasmus, Rotterdam, ilimfukuza kazi yule mtafiti mkuu wa Uholanzi kwa makosa ya maadili katika utafiti. Hapo kazi zake nyingi zikatiwa shaka. Maagizo ya waganga yakabadilishwa. Tangu 2014 maagizo ya Marekani yanasema wazi: anayekunywa dawa hii tangu zamani aendelee nayo, na asiyeikunywa asianzishiwe siku ya kupasuliwa. Maagizo mapya ya 2024 yanaongeza kwamba kama mgonjwa anaihitaji kweli kwa ajili ya ugonjwa wake, aanze zaidi ya siku 7 kabla, ili munganga apate muda wa kuona mwili unaipokeaje na kupima kiasi.

Tumeeleza hayo yote ili mjue kwamba shauri hili halikutoka hewani. Watu walikufa ndipo likajulikana.

Kuiacha ghafla nako ni hatari

Mama mwenye moyo mgonjwa anayekunywa dawa hii kwa miezi au miaka, mwili wake umeizoea. Moyo umejitengenezea masikio mapya ili usikie kupitia ule uzibo. Siku anapoiacha ghafla, masikio yote yanafunguka pamoja. Adrenalini kidogo tu, na moyo unaruka. Tansiyo inapanda, kifua kinabana, na kwa wengine moyo unashambuliwa. Sasa fikirini jambo hilo likimpata katika siku ileile anayopasuliwa.

Mara nyingi dawa inaachwa kwa nia njema. Mgonjwa ameambiwa: "Usile wala usinywe kitu." Naye anadhani kidonge pia ni kitu. Au mlinzi wa mgonjwa anaogopa kuchanganya dawa za nyumbani na za hopitali. Au baada ya kupasuliwa mgonjwa anatapika, siku tatu zinapita, na hakuna aliyekumbuka.

Muulizeni munganga mapema: "Kidonge hiki cha kila siku, anywe asubuhi ya kupasuliwa?" Mara nyingi atasema ndiyo, kwa funda dogo la maji. Kama tansiyo iko chini au moyo unapiga polepole mno, anaweza kusema hapana au kupunguza. Uamuzi ni wake, lakini hawezi kuamua juu ya dawa asiyoijua.

Rovu la shingo: jambo la kwetu Kivu

Kuna upasuaji mmoja ambao dawa hii ni rafiki mkubwa, nao unatuhusu sana sisi watu wa milima ya Kivu. Ni upasuaji wa rovu, ule uvimbe wa mbele ya shingo.

Udongo wa milima yetu una iodini kidogo. Tangu miaka ya 1960 watafiti walifika kisiwa cha Idjwi, katika ziwa Kivu, kuchunguza kwa nini watu wengi walikuwa na rovu. Walikuta kwamba iodini inakosekana, na pia mihogo isiyolowekwa na kukaushwa vizuri inaongeza ugonjwa. Baadaye chumvi yenye iodini ikaletwa, na watoto wengi wamekingwa.

Lakini tezi la mtu mzima lililovimba kwa miaka mingi linaweza kuzoea njaa, na likipata iodini linafanya kazi kupita kiasi. Mwaka 1996 gazeti la waganga la Uingereza, The Lancet, liliandika habari za watu wa Kivu wenyewe waliopata shida hiyo. Msiache chumvi yenye iodini kwa sababu ya hilo, maana mtoto anayekosa iodini tumboni mwa mama anaweza kuharibika akili na masikio. Ila mwenye rovu la zamani ajue dalili: moyo kwenda mbio hata akiwa amekaa, mikono kutetemeka, jasho, kukonda huku anakula vizuri, na kukosa usingizi.

Mtu wa namna hiyo akipasuliwa bila kutayarishwa, homoni za tezi zinaweza kuwaka kama moto wa nyasi kavu: homa kali, moyo mbio, kuchanganyikiwa, hata kufa. Kwa hiyo waganga humtayarisha kwa majuma. Kwanza wanampa dawa ya kupunguza kazi ya tezi, na pamoja nayo mara nyingi propranololi ya kutuliza moyo. Baada ya kupasuliwa propranololi inaweza kuendelea siku kadhaa, kwa sababu homoni iliyokwisha kuingia katika damu haiishi siku moja. Inachukua karibu juma zima kupungua hadi nusu.

Kwa hiyo, mama mwenye rovu akiambiwa "rudi baada ya majuma sita", asinung'unike kwamba anazungushwa. Hizo ndizo siku za kuulinda moyo wake. Na akipewa vidonge, avinywe vyote kwa mpango, asigawane na jirani mwenye rovu kama lake.

Mama anayejifungua kwa kupasuliwa

Katika Afrika upasuaji unaofanywa mara nyingi zaidi ni wa kutoa mtoto. Uchunguzi mkubwa uliotangazwa mwaka 2018 ulifuata wagonjwa 11,422 katika hospitali 247 za nchi 25 za Afrika, na Kongo yetu ilikuwamo. Karibu upasuaji mmoja kati ya mitatu ulikuwa wa uzazi. Ijapokuwa wagonjwa wa Afrika walikuwa vijana kuliko wa mabara mengine, vifo vyao vilikuwa mara mbili ya kadiri ya dunia. Na karibu wote waliokufa hawakufa siku ya kupasuliwa, bali siku zilizofuata, walipokwisha kurudi kitandani.

Hilo linatufundisha kwamba macho yetu yasilale baada ya mgonjwa kutoka chumba cha upasuaji. Mlinzi wa mgonjwa anayo kazi kubwa pale.

Kwa mama anayekunywa betabloka, kuna mtego ambao wauguzi wanapaswa kuambiwa. Kwa kawaida mama anayevuja damu ndani, moyo wake unakwenda mbio, na muuguzi akishika mkono anahesabu na kushtuka. Lakini moyo uliotulizwa na dawa unaweza kubaki polepole huku damu inamwagika. Hesabu inaonekana nzuri, mama anakwisha. Muuguzi akijua habari ya dawa, ataangalia pia tansiyo, rangi ya macho, baridi ya mikono, na mkojo.

Mtoto naye aangaliwe. Kama mama alikunywa dawa ya jamaa hii hadi kujifungua, mtoto anaweza kuzaliwa na moyo unaopiga polepole au sukari ndogo katika damu. Anyonyeshwe mapema, asiachwe na baridi, na muuguzi amchungulie mara kwa mara siku za kwanza.

Tukikimbia, dawa ikimbie nasi

Sisi wa Buleusa tunajua maana ya kuondoka usiku. Miaka ya 2015 na 2016, na kabla yake, na baada yake, wengi walifunga mizigo bila kujua watalala wapi. Mtu huchukua mtoto, sufuria, blanketi. Dawa ya moyo inabaki.

Tunashauri hivi: anayekunywa dawa ya moyo kila siku awe na kifuko kidogo cha plastiki kisichoingiza maji. Ndani aweke vidonge vya siku kadhaa na karatasi iliyoandikwa jina la dawa, kiasi, na mara ngapi kwa siku. Kifuko kikae mahali pamoja na kitambulisho cha mtu. Hata vidonge vikiisha, ile karatasi tupu ya vidonge isitupwe, maana jina liko juu yake.

Akifika mahali pa kukimbilia, sante iliyo karibu ndiyo iwe mlango wa kwanza. Kama siku nyingi zimepita bila dawa, asirudie kiasi cha zamani chote kwa mara moja bila kuuliza. Na kama kuna mpango wa kuiacha kabisa, munganga hupunguza kidogo kidogo kwa muda wa juma moja au mawili.

Maswali yanayoulizwa kati yetu

*Mamamkwe wangu anakunywa atenololi. Anaogopa kusema hopitalini kwa sababu aliinunua sokoni bila karatasi. Afanye nini?*

Aseme. Munganga hakai pale kuhukumu soko. Anataka kujua kilicho mwilini. Kama mamamkwe anaona haya, wewe binti yake wa ndoa umwambie munganga kwa heshima, kando.

*Tansiyo ya baba wa watoto hupanda kila akiona koti jeupe. Atapasuliwa ngiri. Nimpe kidonge kimoja cha jirani asubuhi ili ashuke?*

Hapana, mama. Hilo ndilo jambo lenyewe lililoua watu katika uchunguzi wa 2008. Apimwe tansiyo mapema, majuma kabla, ili kama ni ugonjwa kweli aanze dawa yake polepole. Kama ni hofu tu, maneno ya utulivu yanatosha.

*Nina pumu. Dawa hii inanifaa?*

Sema habari ya pumu kabla ya yote. Baadhi ya dawa za jamaa hii, hasa propranololi, zinaweza kukaza kifua cha mwenye pumu. Mwenye kisukari pia aseme, kwa maana dawa inaweza kuficha mtetemo na moyo mbio vinavyomwonya kwamba sukari imeshuka.

*Anayetoa dawa ya usingizi anahusika nini na kidonge changu?*

Anahusika sana. Dawa moja ya usingizi inayotumiwa mara nyingi katika hopitali zetu, ketamini, kwa kawaida huongeza mapigo na tansiyo. Nyingine, kama sindano ya mgongoni, hushusha tansiyo. Akijua unakunywa nini, atachagua na kupima vizuri.

Mambo ya kumwambia munganga kabla ya kupasuliwa

Kateni sehemu hii mwibandike ukutani.

1. Jina la kila dawa unayokunywa, na siku uliyokunywa mara ya mwisho. Dawa za miti pia.
2. Kama una ugonjwa wa moyo, tansiyo, kisukari, pumu, au rovu.
3. Kama moyo hukimbia, kifua hubana, miguu huvimba, au hupumui vizuri ukilala chali.
4. Kama una mimba, au ulijifungua miezi michache iliyopita.
5. Swali: kidonge changu cha moyo, nikinywe asubuhi ya kupasuliwa?
6. Swali: baada ya kupasuliwa, nani atanirudishia, na lini?
7. Mlinzi wa mgonjwa akiona kizunguzungu, kuzimia, jasho baridi, kifua kubana, mdomo kupinda au mkono kukosa nguvu, amwite muuguzi mara moja, asingoje asubuhi.

Wazee wetu wamesema, mficha maradhi kifo humuumbua. Wengi wetu tunaficha vidonge kwa sababu ya haya, au kwa kuogopa kwamba mume, wakwe au majirani watasema tumekuwa wagonjwa wa moyo. Mlangoni pa chumba cha upasuaji haya hiyo haifai kitu.

Jumapili hii, baada ya ibada, kila mama mwenye mzazi mzee nyumbani aombe kuona vidonge vyake. Asome mwisho wa jina. Akikuta zile herufi tatu, aandike jina kamili na kiasi kwenye karatasi mbili, moja ikae kwa mzee na nyingine kwa mtoto atakayemsindikiza hopitalini. Asiyejua kuandika aje na vidonge kwenye mkutano wetu, tutamwandikia.

Mungu awalinde ninyi na nyumba zenu hadi juma lijalo.